Pasipoti iliyopotea, ikaonekana, ikapanda ndege

Kisa hiki ni cha mwaka 2025. Mwenyewe ameniruhusu nikieleze mradi asijulikane, kwa hiyo nimeondoa jina lake, jina la shirika la ndege, majina ya viwanja na tarehe kamili, na mambo mawili matatu ya kifamilia nimeyageuza. Humu nitamwita Bi. Z.

Mimi huwasaidia ndugu zetu walio Uingereza na walio nyumbani kujaza makaratasi ya safari. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Kwani pasipoti huwa wanaikagua kweli, au wanaiangalia tu?" Kisa cha Bi. Z. ndicho jibu langu refu. Pasipoti yake ilikaguliwa mara tano katika muda usiofika siku nzima. Ilipita mara nne, ya tano ikakwama, na aliyeikwamisha alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye hata picha hakuwa ameitazama bado.

Usuli

Bi. Z. ni raia wa Kenya, mzaliwa wa pwani, mama wa watoto wawili. Anaishi Uingereza mwaka wa tisa sasa na anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ana ruhusa ya kudumu ya kuishi huko. Zamani ruhusa hiyo ilikuwa kwenye kadi. Kadi nyingi za aina hiyo ziliisha muda tarehe 31 Desemba 2024, na sasa hali ya ukaazi imewekwa kwenye akaunti ya mtandaoni ya serikali ya Uingereza. Akaunti hiyo imeunganishwa na namba ya pasipoti. Shikilia jambo hilo, maana litarudi.

Majira ya baridi pasipoti ilipotea. Nyumba ilipinduliwa juu chini, magodoro yakainuliwa, mume akashutumiwa bure. Ilipokosa kuonekana, Bi. Z. alifanya kila kitu kama inavyotakiwa: akaripoti polisi na kupewa namba ya taarifa, akaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, na kuomba pasipoti mpya badala ya iliyopotea, akalipa, akaenda ubalozini kutoa alama za vidole na kuwasilisha fomu. Akaambiwa asubiri.

Wiki kadhaa baadaye ile ya zamani ikaonekana. Binti yake wa miaka mitano alikuwa akicheza mchezo wa uwanja wa ndege, yeye akiwa afisa na wanasesere ndio abiria, na pasipoti ya mama alikuwa ameihifadhi kwenye kisanduku chake cha plastiki pamoja na rangi za kuchorea. Haikuwa na doa. Ilikuwa imebakiza miaka mitatu.

Bi. Z. alipiga simu ubalozini mara mbili, haikupokelewa. Kisha zamu za usiku zikamzonga, jambo likalala.

Ijumaa jioni

Simu iliyokuja Ijumaa ilikuwa ya kaka yake. Mama yao alikuwa ameteleza bafuni na kuvunjika nyonga, na upasuaji umepangwa Jumatatu asubuhi.

Alikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni kusubiri pasipoti mpya, ambayo haikuwa na tarehe. Ya pili ni kwenda ubalozini kuomba hati ya dharura ya kumrudisha nyumbani, lakini ubalozi ungefunguliwa Jumatatu. Ya tatu ilikuwa kwenye droo ya kabati.

Akaichukua ya tatu, na ukimsikiliza mwenyewe akieleza sababu zake utaona hazikuwa za kijinga. Pasipoti ni yake. Picha ni yake. Haijaisha muda. Hakuiokota wala hakuinunua. Kitu chako kikipotea kisha ukakiona, si ni chako bado? Mtu aliyepoteza simu akaiona chini ya kiti cha gari haendi kuomba ruhusa ya kuitumia.

Hapa lazima nijitaje. Usiku ule alinitumia ujumbe: "Pasipoti imebaki miaka mitatu, inatosha kwenda nyumbani?" Nikamjibu: "Inatosha kabisa, safari njema, mpe pole mama." Niliuliza tarehe ya mwisho na kurasa tupu, basi. Sikujua kwamba ilikuwa imeripotiwa, wala sikuuliza. Kwa hiyo ukiwahesabu wakaguzi waliopitisha pasipoti ile, mimi nimo.

Safari ya kwenda

Mkaguzi wa kwanza alikuwa simu yake. Programu ya shirika la ndege ilimtaka aelekeze kamera kwenye ukurasa wa picha. Ikasoma ile mistari miwili ya chini, ikajaza jina, namba na tarehe, ikasema sawa.

Wa pili alikuwa mhudumu wa kaunta, Jumamosi mchana. Aliilaza pasipoti kwenye mashine, akatazama picha, akamtazama Bi. Z., akauliza kama begi amelipanga mwenyewe. Dakika moja na nusu hivi. Kwenye usalama walimvua viatu na kuyamwaga maji aliyobeba, lakini pasipoti hawakuigusa.

Baada ya hapo, dirisha la uhamiaji halikuwepo. Wengi wetu tukiondoka Uingereza mara ya kwanza hili hutushangaza, kwa kuwa tumezoea kwamba kutoka kuna foleni yake na muhuri wake, kama ilivyo kuingia. Uingereza haina afisa wa kukugongea muhuri wa kutoka. Tangu Aprili 2015 hutegemea taarifa za abiria zinazotumwa na mashirika ya ndege. Za Bi. Z. zilitumwa. Kama kuna kengele iliyolia mahali, hakuna aliyemfuata.

Wa tatu ni mlangoni pa ndege: jina kwenye pasi ya kupandia, jina kwenye pasipoti, pita. Wa nne ni mlango wa ndege ya pili, katika mji mmoja wa Ghuba alikobadilisha ndege. Abiria wa kupita tu haingii nchi ile, kwa hiyo hapiti uhamiaji wake. "Alifungua, akafunga," aliniambia Bi. Z., "sijui kama alisoma."

Wa tano ni yule kijana.

Dirishani

"Karibu nyumbani, mama," alimwambia, akaiweka pasipoti kwenye kisomeo. Akatazama kioo cha kompyuta. Akaitoa, akaiweka tena. Akaandika namba kwa mkono, herufi kwa herufi. Kisha akamwita mkubwa wake.

"Mama, hii pasipoti umeipata wapi?"

"Ni yangu."

"Umewahi kuipoteza?"

Bi. Z. akasema hapana.

Nilimuuliza baadaye kwa nini. Alisema aliona nguo rasmi mbili mbele yake, akadhani kusema ndiyo ni kukiri kosa. Ni woga wa kawaida kabisa, nami sijui kama ningejibu vizuri zaidi baada ya usiku mzima bila usingizi. Ila tazama alichofanya bila kujua. Kwenye kompyuta palikuwa na mwanamke aitwaye Z. aliyekwisha kutangaza kwamba kitabu hiki hanacho tena. Mbele ya dirisha palikuwa na mwanamke aliyeshika kitabu hicho na kusema hakijawahi kupotea. Kwa afisa, jibu lile liliwatenganisha: Z. wa kweli yuko kwingine, na huyu ni mtu aliyefanana naye.

Akapelekwa chumba cha pembeni. Huko ndiko alikoona ukaguzi ule ambao watu hufikiri hufanyika kila dirisha. Ukurasa wa picha uligeuzwageuzwa kwenye mwanga, ukawekwa chini ya taa ya miale ya zambarau inayoonyesha michoro isiyoonekana kwa macho, mshono ukatazamwa kwa kioo cha kukuzia kuona kama kuna ukurasa uliochomolewa. Chipu iliyomo ndani ya pasipoti ikasomwa. Vidole vikachukuliwa. Akaulizwa shule ya msingi aliyosoma, jina la chifu wa zamani wa mtaa wao, babu mzaa baba alizikwa wapi. Kitambulisho chake cha taifa alikuwa nacho kwenye pochi, na hicho kilimsaidia kuliko chochote.

Baada ya dakika arobaini alisema ukweli wote. Kwenye simu alikuwa na namba ya taarifa ya polisi na barua pepe ya eCitizen. Mkubwa wa zamu alipoziona, Bi. Z. anasema, sauti ilibadilika na chai ikaletwa. Lakini ilibidi kuthibitisha na Nairobi, na kwa jumla alikaa saa tatu.

Maamuzi ya maafisa, na sababu zake

Waliamua mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya.

Kuhusu mtu: ameingia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 39, inampa kila raia haki ya kuingia nchini. Pasipoti ni njia ya kuonyesha uraia. Ikifa, uraia haufi pamoja nayo. Walipokwisha kuridhika kuwa yeye ndiye, hawakuwa na sababu ya kumrudisha.

Kuhusu kitabu: kimebaki. Alipewa barua ya kuonyesha kwamba kimechukuliwa. Aliomba arudishiwe hata kama kimetobolewa kuonyesha kwamba kimefutwa, kwa sababu kilikuwa na mihuri ya safari ya kwanza ya wanawe nyumbani. Akakataliwa kwa upole.

Jioni ile alikuwa hospitalini.

Safari ya kurudi, ambako ndiko gharama ilikokuwa

Upasuaji ulikwenda salama. Likizo ya dharura ilikuwa ya siku kumi, na Bi. Z. hakuwa na pasipoti yoyote mkononi.

Hati ya dharura haikuwa na maana tena. Hiyo ni ya kumrudisha raia nchini mwake, na hakuna shirika ambalo lingempandisha nayo kwenda London. Pasipoti mpya aliyoiomba ilikuwa bado haijatumwa Uingereza. Hapa nami nilipata nafasi ya kulipa deni langu: tuliandika maombi izuiliwe Nairobi, akaichukue mwenyewe. Ilikubaliwa, lakini si kwa siku moja. Alipanda treni ya SGR kwenda Nairobi mara mbili, mara ya kwanza akaambiwa rudi wiki ijayo. Kwa jumla alikaa nyumbani siku kumi na tisa, tisa kati ya hizo bila mshahara, na tiketi ya kurudi ikabadilishwa kwa malipo.

Usiku wa kuamkia safari akakumbuka ile akaunti ya Uingereza. Ilikuwa bado na namba ya pasipoti iliyokufa. Akaingiza namba mpya na picha ya ukurasa, akajibiwa kwamba ombi limepokelewa. Kupokelewa si kukubaliwa.

Kesho yake kaunta ilimshika dakika hamsini. Mashine ya shirika iliuliza Uingereza kuhusu namba mpya ya pasipoti, ikajibiwa kwamba haijui ruhusa yoyote iliyofungwa nayo. Mhudumu akamwita msimamizi. Msimamizi akapiga simu kituo cha Uingereza kinachosaidia mashirika ya usafiri, akauliza tarehe ya kuzaliwa, akauliza namba ya pasipoti ya zamani. Bi. Z. alikuwa ameipiga picha ile pasipoti miaka mingi nyuma na kujitumia kwa WhatsApp. Akaifungua pia akaunti yake mbele yao, ruhusa ya kudumu ikaonekana. Alipanda ndege wa mwisho kabisa.

London, afisa wa mpakani aliweka pasipoti kwenye kisomeo, akamwambia aweke vidole, akauliza ya zamani iko wapi, akasikiliza sentensi mbili, akampitisha. Dakika mbili.

Uchambuzi

Nani hukagua zaidi?

Linganisha: kaunta ya kurudi dakika hamsini, mpaka wa Uingereza dakika mbili. Watu wakiniambia "nilipita bila kukaguliwa" huwa wanamaanisha afisa hakuwatazama sana. Hawajui kwamba kazi kubwa ilifanywa na yule msichana mwenye skafu shingoni aliyepokea mabegi.

Na hakuifanya kwa kupenda. Uingereza inaweza kulitoza shirika pauni 2,000 kwa kila abiria anayefikishwa bila hati zinazofaa, na nchi za Ulaya za Schengen nazo zina adhabu zao, juu ya gharama ya kumrudisha abiria alikotoka. Kwa hiyo kaunta ina swali moja: nchi anayokwenda itampokea, au itatutoza? Majibu huyapata kwenye Timatic, hazina ya masharti ya safari ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na kwa nchi kama Uingereza, kwa kuuliza mtandaoni papo hapo. Ndiyo maana siku ya kwenda kaunta haikumsumbua Bi. Z. Mkenya aendaye Kenya na pasipoti isiyoisha muda: hakuna faini hapo, hakuna swali. Siku ya kurudi, hatari ikahamia kwa shirika, na kazi ya kaunta ya dakika moja na nusu ikawa ya dakika hamsini.

Mlango wa ndege nao una swali dogo zaidi: huyu anayepanda ndiye mwenye kiti? Usalama wana lao: amebeba nini? Hakuna hata mmoja kati yao aliyezembea. Kila mmoja alijibu lake.

Kitabu hakijui kwamba kimekufa

Hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Chukua pasipoti yako ufungue ukurasa wa picha. Chini kuna mistari miwili, kila mmoja una herufi na tarakimu 44, kwa mpangilio uliowekwa na ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, unaofanana dunia nzima. Mstari wa pili una namba ya pasipoti, nchi, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, tarehe ya mwisho. Baada ya namba na baada ya kila tarehe kuna tarakimu moja ya ziada ambayo watu hawaielewi. Hiyo ni ya kuhakiki.

Hesabu yake unaweza kuifanya jikoni. Tuseme umezaliwa tarehe 12 Julai 1985. Itaandikwa 850712. Zidisha tarakimu kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1: 8 mara 7 ni 56, 5 mara 3 ni 15, 0 mara 1 ni 0, 7 mara 7 ni 49, 1 mara 3 ni 3, 2 mara 1 ni 2. Jumla 125. Chukua tarakimu ya mwisho: 5. Ukitazama mstari wako, tarakimu inayofuata tarehe ya kuzaliwa itakuwa ile hesabu inayokupa. Mghushi mvivu aliyebadilisha mwaka akasahau tarakimu hiyo hunaswa na simu ya mkononi, achilia mbali mashine.

Chipu inakwenda mbali zaidi. Ina picha na taarifa zilezile, zimetiwa sahihi ya kidijitali ya nchi iliyoitoa, na haifunguki mpaka kisomeo kisome kwanza namba, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho kwenye ule mstari. Ndiyo sababu huambiwa ufungue ukurasa wa picha na kuulaza kwenye kioo. Kugusisha jalada tu hakutoshi.

Sasa angalia pasipoti ya Bi. Z. kwa vipimo hivyo. Tarakimu za kuhakiki ni sahihi. Sahihi ya chipu ni ya kweli. Karatasi ni halisi, michoro ya miale ya zambarau ipo, picha ni yake. Kila kitu kilichomo ndani ya kitabu kinasema kiko hai, kwa sababu siku kilipochapwa kilikuwa hai, na tangu hapo hakuna aliyekiandika neno jipya. Habari ya kifo chake, yaani kwamba kimeripotiwa kupotea na kufutwa, iko kwenye daftari la kompyuta la serikali, mbali nacho. Anayeuliza kitabu ataambiwa sawa. Anayeuliza daftari ndiye atakayejua. Yule kijana dirishani aliliuliza daftari la nchi yake, kwa sekunde moja, bila juhudi.

Tundu hili si la Kenya wala la Uingereza peke yake. Ndege ya MH370 ilipopotea tarehe 8 Machi 2014 ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing, iligundulika kwamba abiria wawili walikuwa wamepanda na pasipoti za wengine, moja ya Austria na nyingine ya Italia, zilizoibwa Thailand. Zote mbili zilikuwa zimeandikwa kwenye hazina ya Interpol ya hati zilizoibwa na kupotea, ya Austria tangu 2012, ya Italia tangu 2013. Hazina hiyo ilikuwepo tangu 2002. Kitabu kilikaguliwa, daftari halikuulizwa. Watu wale wawili hawakuonekana kuwa na uhusiano wowote na kupotea kwa ndege. Walikuwa wakitafuta njia ya kwenda Ulaya. Mwaka huohuo Interpol ilianza mpango wa kuyawezesha mashirika ya ndege yenyewe kuuliza hazina hiyo, AirAsia ikiwa ya kwanza. Lakini si mashirika yote yanayouliza.

Nilimwambia Bi. Z. kwamba alikuwa na bahati kwenda nyumbani. Kama safari ingekuwa ya Ufaransa au Ujerumani, asingekuwa na ibara ya 39 ya kumwingiza. Mipaka ya nje ya Schengen huuliza madaftari kuhusu hati ya kila mgeni anayeingia, na tangu Aprili 2017 hata raia wa Ulaya wenyewe huulizwa. Angerudishwa na ndege ya kwanza.

Uso

Kuna jambo lingine nisilotaka lipite. Picha ya Bi. Z. ilikuwa ya miaka saba, kabla ya watoto wawili. Waliomtazama usoni njiani waliridhika, na kweli alikuwa yeye. Lakini tusilipe jicho sifa lisilostahili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu maofisa wa pasipoti wa Australia ulionyesha kwamba waliikubali picha ya mtu mwingine takriban mara 14 kwa kila 100, na uzoefu wa miaka mingi haukuwasaidia. Ndiyo maana chumba cha pembeni hakikumaliza kazi kwa kumkodolea macho; kilitaka vidole, kitambulisho na babu alikozikwa.

Kilichosaidia na kilichoharibu

Kitambulisho cha taifa na ile picha ya zamani ya WhatsApp vilimwokoa mara mbili, kila kimoja upande wake wa safari. Siku hizi kila anayenijia humwambia apige picha ukurasa wake wa pasipoti leo, sio siku ya kuondoka.

Lile "hapana" lilimgharimu. Sidhani lilimwongezea saa zote tatu, kwa kuwa uthibitisho wa Nairobi ungehitajika hata hivyo, lakini ndilo lililowasha taa ya zambarau. Mtu aliyesema "ndiyo, ilipotea, nikaripoti, ikaonekana, mama mgonjwa, ningojeni niwaonyeshe" angekuwa raia mwenye hati iliyofutwa. Aliyekana alikuwa mshukiwa.

Kosa la mwanzo, hata hivyo, silioni kuwa lake peke yake. Alipowasilisha maombi ya pasipoti mpya hakuna aliyemtazama machoni akamwambia: "Tangu leo ile ya zamani ukiiona hata chini ya mto, usiitumie, tuletee." Labda lilikuwa limeandikwa mahali kwenye fomu. Sisi tunaosaidia watu kujaza fomu tunajua nani husoma sehemu hiyo. Ujumbe mmoja wa simu siku hati inapofutwa ungetosha.

Na mimi nimebadilisha maswali yangu. Zamani nilikuwa nikianza na tarehe ya mwisho. Sasa naanza na: hiki kitabu kimewahi kuripotiwa popote, na wewe au na mtu mwingine? Katika miezi michache tangu hapo wawili wamejibu ndiyo, mmoja akiwa na tiketi tayari mkononi.

Lipo bado jambo moja tusilokubaliana. Mwenzangu mmoja, aliyefanya kazi dirishani pwani kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, anasema Bi. Z. alifanya sawa kupanda ndege Jumamosi ile, kosa lake ni kusema uongo tu. Mimi namhesabia siku tisa bila mshahara, treni mbili, tiketi iliyobadilishwa. Yeye ananihesabia siku: hati ya dharura angeipata mapema zaidi Jumatatu, ingemfikisha nyumbani Jumanne. Mama aliingizwa chumba cha upasuaji Jumatatu saa tatu asubuhi, na mpaka mlangoni binti yake alikuwa amemshika mkono.